Uzi: Wahusika wetu wanapendana, au wanasifiana tu?

MkaaDirishani (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi utakuwa mrefu, mwenye chai aisogeze karibu.

Mimi ni mwandishi wa hadithi za simu. Zile za WhatsApp: sehemu tano za mwanzo bure, ikifika penyewe unakutana na ITAENDELEA kwa herufi kubwa, anayetaka zote anatuma buku. Mwaka wa nne sasa. Siionei haya kazi hii, imenilipia kodi ya chumba mara kadhaa.

Mwezi uliopita nilikwenda kununua vibua kwa mama mmoja anayekaanga samaki hapa mtaani. Ni msomaji wangu tangu hadithi ya kwanza. Ananifungia samaki kwenye gazeti, hata macho hajainua, akasema: "Mwanangu, hao watu wako hawapendani. Wanasifiana tu."

Nikamuuliza kivipi, mbona sehemu ya kumi na mbili nzima ni mahaba matupu?

"Tangu ya kwanza anamwambia macho yako mazuri. Tumefika ya ishirini, macho bado mazuri. Huyo kijana hajui hata kama mwenzake anakula dagaa au hali." Akageuza samaki kwenye karai. "Marehemu mume wangu hakuwahi kunisifia macho. Ila nikiosha vyombo kimyakimya, alikuwa anajua nina jambo. Ananyanyuka, anakuja kufuta sahani."

Nikarudi nyumbani na vibua vyangu, nikafungua hadithi na kuanza kuhesabu neno "mrembo". Nilipofika thelathini nikaacha. Sehemu ya saba peke yake ilikuwa na malaika wanne. Hiki hapa kipande chenyewe, mnicheke taratibu:

*Sefu alimtazama Zuhura kwa macho yaliyojaa huba. Moyo ulimdunda kama ngoma. "Zuhura, wewe ni malaika uliyeshushwa kwa ajili yangu. Bila wewe siwezi kuishi hata dakika moja." Machozi yakamlengalenga Zuhura. "Na mimi nakupenda kuliko maelezo, Sefu." Wakakumbatiana kwa muda mrefu.*

Sefu ni dereva wa bajaji. Zuhura ni fundi cherehani. Wamepanga nyumba moja Mbagala, vyumba sita, mita moja ya LUKU, ule umeme wa kununua kwanza. Yote hayo nilikuwa nimeyaandika sehemu ya kwanza, halafu nikayaacha mlangoni kama ndala. Badilisha majina uone: maneno yaleyale anaweza kuyasema daktari kwa muuguzi, au mwizi kwa mke wa mtu. Sifa za namna ile hazina mwenyewe, kila mtu zinamtosha kama koti la mtumba.

Nikaandika upya:

*Umeme ulikata saa nne usiku, Zuhura amebakiza sare tatu na shule zinafunguliwa keshokutwa. Mlango wa kwanza kufunguka ulikuwa wa Mama Eliza.*

*"Pasi hiyo! Si nilisema? Juzi tu tumechanga!"*

*Zuhura alibaki gizani, mguu bado uko juu ya pedeli. Cherehani alikuwa akiisukuma kwa mguu. Pasi ndiyo ilikuwa ya umeme, na nyumba nzima ilijua. Akapapasa mkoba kutafuta elfu tano ambayo alijua haimo.*

*"Ni mimi," sauti ya Sefu ikatoka uani. "Nimechaji simu tangu asubuhi. Simu tatu."*

*"Basi ununue wewe," Mama Eliza akasema, akafunga mlango.*

*Sefu alikuwa na simu moja, kitochi, ambayo ikichajiwa Jumatatu inafika Alhamisi.*

*Zuhura alimkuta mbele ya mita. "Lete nikusomee," alisema, akaishika simu: tochi ikamulika mita, ujumbe wa namba ukabaki upande wake. Akawa anasoma nne nne, kama anayemsomea mtoto, Sefu akibonyeza. Kwenye kundi la tatu Sefu alikosea, ikabidi waanze upya. Kwenye kundi la nne akakosea tena.*

*"Wewe kusoma si unajua?"*

*"Najua."*

*Zuhura akarudi kwenye tarakimu ya kwanza, polepole kuliko mwanzo.*

Basi. Tarakimu 20 za LUKU, na hakuna aliyesema nakupenda. Kwa mara ya kwanza niliandika wapenzi nikawaonea aibu kidogo, kama mtu aliyefungua mlango bila kubisha hodi.

Kipimo changu kwa sasa ni hiki: mpenzi awe anajua jambo moja la mwenzake ambalo wapangaji wengine hawalijui au hawalijali, na kulijua huko kumgharimu kitu. Sefu anajua Zuhura hana hela usiku ule. Inamgharimu pesa ya umeme pamoja na heshima yake mbele ya Mama Eliza. Zuhura naye anajua idadi ya simu za Sefu.

Karibuni mnipinge.

Konda_Mstaafu

Mkuu, kuandika umeandika, ila biashara hujaielewa.

Msomaji wangu ametoka Kariakoo mpaka Gongo la Mboto amesimama, kikwapa cha mtu kiko usoni. Akifika, kodi imeisha na mtoto anakohoa. Wewe unamuuzia LUKU? LUKU anayo nyumbani, tena imeandika sifuri. Mimi namuuzia bosi wa Masaki mwenye gari jeusi, kamuona dada wa kazi anadeki, kapigwa na butwaa. Hiyo hadithi imenunuliwa mpaka Oman. Dada zetu walioko huko kazini ndio wasomaji wangu wakubwa, wanalipa bila kuuliza.

Watu wanataka kupumzika, wewe unawarudisha kwenye mita.

MkaaDirishani

Konda, bosi sina ugomvi naye, hata gari lake jeusi aendelee nalo. Lakini umesema jambo ambalo nadhani limekupita mwenyewe.

Hao dada walioko Muscat wanaijua nyumba ya tajiri kuliko mimi na wewe. Wanajua bosi anakunywa chai saa ngapi, shati lipi halipigwi pasi, mlango upi ukifungwa kwa nguvu ujue leo hapakaliki. Wewe unawaandikia nyumba hiyo ukiwa umesimama getini, na wao wanakusoma wakiwa jikoni. Bosi wako anamwambia dada "macho yako mazuri" na wao wanaguna, kwa sababu ndivyo anavyoanza kila bosi mwenye nia mbaya. Wanalijua hilo vizuri.

Sasa chukua bosi yuleyule. Amerudi saa saba usiku, ana njaa. Chakula kiko kwenye friji, lakini ile mashine ya kupasha chakula inapiga kelele na chumba cha dada kiko ukutani hapo hapo. Akala wali wa baridi akiwa amesimama, akaosha sahani mwenyewe, akaifuta. Asubuhi dada anaikuta sahani upande usio wake. Msomaji wa Muscat atairudia hiyo mara mbili, maana tangu afike huko hajaona bosi wa hivyo. Ndoto yake umempa, na umempa kwa vipimo vya nyumba anayoijua.

Konda_Mstaafu

"Sahani upande usio wake." Hapo umenipiga. Nakaa pembeni nisome, ila gari jeusi halitoki.

bintiPangani

Naongezea kitu ambacho waandishi wetu wanakiruka na kiko mdomoni mwa kila mtu: SHIKAMOO.

Nilikulia mtaa ambao kijana wa pili kutoka kwetu alinizidi kama miaka tisa. Tangu nina akili zangu nampa shikamoo, ananiitikia marahaba bila hata kunitazama. Nikaenda shule ya bweni, nikarudi, nikaanza kazi. Siku moja tumekutana kituoni, mdomo ukafunguka kutoa shikamoo, ukagoma. Nikasema, "Habari za asubuhi." Akasimama. Najua alisikia kilichokosekana. Hakuna kingine kilichotokea siku hiyo, daladala ilikuja nikapanda.

Mwandishi akipata kitu kama hicho hahitaji ngoma ya moyo. Kila mtu aliyekulia huku anajua uzito wa shikamoo iliyozuiwa. Na angalieni majina pia: kwanza "kaka Salumu", baadaye "Salumu", halafu linafika kipindi jina halitajwi kabisa, ni "wewe" tu, au "eti". Wakishazaa ni "baba Fulani". Nimesoma hadithi za humu ndani mwanamke wa miaka hamsini, wa Tanga kabisa, anamwita mumewe "mpenzi" mbele ya wakwe. Jamani, huyo mama kapata wapi ujasiri huo?

Ukitaka msomaji ajue kuna kitu kati ya watu wawili, badilisha wanavyoitana halafu nyamaza. Mama mkwe aliyeko kwenye hadithi atashtuka kabla ya msomaji.

MkaaDirishani

Dada, na yule wa kituoni aliishia wapi?

bintiPangani

Haikuhusu. 😂 Ana watoto watatu, na sisi tunasalimiana "habari za asubuhi" mpaka leo.

Kalamu_Butu

Nimesoma kimya, sasa niseme. Kazi yangu ni kuhariri miswada, na kurasa za mapenzi ndizo zinanimalizia wino. Sababu kubwa ni sarufi. Msikimbie, sitaandika ubaoni.

Kiwakilishi chetu cha nafsi ya tatu hakina mume wala mke. Soma hii, niliikuta juzi: "Alimshika mkono akamwangalia, akatabasamu, akamwambia anampenda, akainamisha kichwa." Nani kainamisha kichwa? Kiingereza kina neno la mwanamume na la mwanamke, kwa hiyo mwandishi wao anaweza kurusha mpira huku na huko msomaji asipotee. Anayejifunzia kuandika kwenye vitabu au sinema zao akaja kumwaga mtindo uleule kwa Kiswahili, anapata msongamano wa a-m-a-m ambao hata yeye akirudi kesho hajui ni nani kambusu nani.

Dawa ya kwanza: chagua macho ya mmoja, ukae humo. Ukishakaa ndani ya Zuhura, kila "ali-" ni yake, na Sefu anakuja kwa jina, au kwa kiungo chake, au kwa kitu alichoshika. "Mkono wa Sefu ulikuwa na harufu ya petroli." Hapo hakuna wa kupotea. Kuna wanaokwepa kwa kuandika "binti huyo", "kijana huyo", "mrembo yule", kama ripoti ya polisi. Jina halichoshi. Rudia jina.

Lakini sarufi hiyohiyo ni mtaji. Unaweza kuandika kurasa kumi za mtu anayempenda mtu, msomaji asijue mpendwa ni nani wala wa jinsia gani, mpaka utakapotaka wewe. Wenye Kiingereza wanatoka jasho kufanya hivyo. Sisi tumepewa bure na hatuitumii.

Halafu kuna vitenzi. Kwetu mwanamume anaoa, mwanamke anaolewa. Lugha imeshachagua upande kabla mhusika hajafungua mdomo. Kijana anayesema "nataka kukuoa" na anayesema "tuoane" ni watu wawili tofauti, na msichana anayesikiliza anajua. Bibi mmoja kwenye mswada niliouhariri alisema kuhusu mumewe, "Huyu nilimuoa mimi," na kwa maneno hayo matatu ndoa nzima ya miaka arobaini ikakaa mbele yangu. Mwandishi alitaka kuyafuta akidhani ni kosa. Karibu nimfuate nyumbani.

La mwisho, -ka-. "Akamvuta, akamkumbatia, akambusu, akambeba, akamlaza." Huo ni mpira unatangazwa redioni. -ka- ni ya mambo yanayokimbizana, na mapenzi mengi hayakimbizani, yanakaa. Tumia -ki-: *Alikuwa akichambua mchele, Sefu akisimulia habari za trafiki wa Rangi Tatu, na mchele ulikuwa umeshakwisha mawe muda mrefu.* Tumia -nge-: *Angeondoka saa kumi na mbili angewahi foleni.* Hapo usiseme aliondoka saa ngapi. Kwangu mimi -nge- ndiyo njeo ya mapenzi kuliko zote, maana nusu ya kupenda ni kufikiria ambacho hukufanya.

Konda_Mstaafu

Huyu Kalamu Butu akiwa butu hivi, ikichongwa tutapona?

Mvita_Kwetu

Salamu kutoka Mombasa. Mwasema vizuri, lakini nyote mwasahau mafumbo. Kwetu mtu hasemi. Akisema wazi wazi, watu wamwona hana adabu, au amelewa.

Zamani akipeleka mshenga. Sasa kuna simu, lakini fumbo halijafa, limehama tu. Mwanamke akikasirika habadilishi sura, abadilisha kanga. Mwanamume anayepita barazani asome mwenyewe. Na kanga haiuzwi moja, ni doti, vipande viwili vyenye jina moja. Duka la Mali ya Abdulla liko hapa tangu 1887, na mpaka leo mwanamke wa pwani akinunua kanga, rangi aitazama kwa jicho moja, jicho la pili liko kwenye maandishi.

Basi ukitaka hadithi, hiyo hapo: kijana anataka kumfurahisha mama mkwe mtarajiwa. Apita sokoni, aona doti nzuri ya rangi ya machungwa, anunua, akunja, apeleka. Hakusoma jina. Mama afungua mbele ya wageni: HASIDI HANA SABABU. Posa imefia hapo. Binti ndani ajua kabisa mchumba wake hakusoma, kwa sababu amjua: ni mtu wa kununua kitu kwa rangi, hata dawa ya mbu. Huko kumjua ndiko mapenzi. Sasa atamweleza vipi mamake kwamba mtu huyu si mshari, ni mzembe tu? Sura tatu nzima hizo, na wapenzi wenyewe hawajaonana hata mara moja.

MkaaDirishani

Mvita, hiyo ukiiacha hapa naiiba. Nimekuonya.

Mvita_Kwetu

Iba. Lakini rangi iwe ya machungwa.

Karani_wa_Zamani

Nimefanya kazi za makaratasi ya ndoa miaka mingi, nitoe kero yangu kwa ufupi. Kwenye hadithi zenu watu wanagombana Jumatatu, wanapatana Jumatano, wanafunga ndoa ya serikali Ijumaa. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 inataka taarifa ya kusudio la kufunga ndoa itolewe siku 21 kabla. Siku 21! Tangazo lipo, wanaotaka kuweka pingamizi wana nafasi yao. Mwandishi gani anapewa wiki tatu za presha bure na serikali halafu anaziruka?

Sheria hiyohiyo inasema mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka 2 au zaidi, na jamii ikawachukulia kama mume na mke, kunakuwa na dhana kwamba wamefunga ndoa, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mmeona watu wangapi wanaishi hivyo? Weka wapenzi wenu mwaka mmoja na miezi kumi na moja. Mmoja anajua hesabu, mwingine hajui. Au wote wanajua na kila mmoja anajifanya hajui. Na uchumba ukivunjika kuna madai ya zawadi kurudishwa. Hebu fikirieni orodha ya vitu anayoiandika mtu aliyeachwa: kitanda, redio, simu, na kile kitu kimoja ambacho anaacha kwa makusudi kukiandika.

TajiriMtarajiwa

Mnajisumbua. Mapenzi ya siku hizi ni hela. Andikeni kiasi alichotuma, imeisha hiyo.

MkaaDirishani

Umekuja kwa dharau lakini umeleta dhahabu.

Tuandike hela basi. Kijana wa kwanza ametuma elfu hamsini na maneno mengi ya mahaba. Wa pili ametuma elfu kumi na chenji kidogo juu yake, hakuandika kitu. Msichana ana haja ya elfu kumi kamili, na atakwenda kuitoa kwa wakala. Yule wa pili AMETUMA NA YA KUTOLEA. Alikaa akafikiria safari ya ile hela mpaka mkononi mwa mwenzake. Hakuna Mtanzania atakayesoma hapo asielewe, na hakuna kitabu cha nje kinachoweza kukufundisha hiyo.

Hela haiui mapenzi kwenye hadithi. Kinachoua ni hela ambayo haijulikani ilitoka wapi na imepunguza nini kwa aliyetoa. Sefu akinunua umeme, mimi mwandishi lazima nijue kesho atapungukiwa wapi. Ikiwa ni hesabu ya mwenye bajaji, basi asubuhi kuna mazungumzo magumu, na Zuhura atayasikia kupitia ukuta.

TajiriMtarajiwa

Sawa mkuu, nimekuelewa. Ila bado sijatumiwa na ya kutolea na mtu yeyote.

chipukizi_wa_kalamu

Shikamooni wakubwa. Mimi naanza. Hadithi yangu wanakutana hivi: msichana anatoka maktaba, anagongana na mvulana, vitabu vinadondoka, wote wanainama kuokota, vichwa vinagongana, macho yanakutana. Iko sawa?

Konda_Mstaafu

Marahaba. Mdogo wangu, kugongana nimekuandika mara tisa. Tisa! Mara moja waligongana wakiwa kwenye boti.

Kalamu_Butu

Chipukizi, usivunjike moyo, ila jiulize: ni maktaba gani? Amebeba vitabu gani? Ukiweza kunijibu, kugongana hakuhitajiki tena. Labda kuna nakala moja tu ya kitabu cha Kemia darasa zima linakihitaji, na mvulana anakirudisha kila siku dakika tano kabla ya muda wake ili msichana akikute. Maktaba nzima inajua isipokuwa yeye. Wakigongana baada ya hapo, watakuwa na kitu cha kuokota.

chipukizi_wa_kalamu

Asante. Swali la pili, naona aibu kuuliza. Ya chumbani tunaandika mpaka wapi?

bintiPangani

Mpaka pale ambapo bado ni hao wawili. Ikifika mahali ingeweza kuwa miili ya watu wowote, funga mlango. Mtu aliyefundwa na somo wake anajua kwamba mafunzo mengi ni ya kabla na baada: maji ya kuoga, udi, neno gani lisisemwe. Andika huko, pana utajiri. Katikati kila msomaji anajaza mwenyewe na hutamzidi.

UaLaMnazi

Naomba nipinge kidogo, maana naona tumeanza kuifukuza sifa kabisa, na Kiswahili ni lugha ya kusifia. Mashairi ya pwani yamesimama juu ya sifa: jicho, shingo, mwendo, harufu ya asumini. Je, hao nao walikuwa hawapendi?

Tazameni Shaaban Robert anavyomlilia mkewe Amina. Anatumia ua, neno ambalo mleta uzi angelikata kwa kalamu nyekundu. Lakini ua lake halikai tu likanukia. Limechanua, halafu limefunga. Ua limefanya kitendo, na kitendo hicho ndicho kifo cha mtu anayemjua. Sifa haikuwa tatizo kamwe, mkuu. Tatizo ni sifa isiyosogea. Macho aliyoyalalamikia yule mama wa samaki: mazuri sehemu ya kwanza, mazuri sehemu ya ishirini. Yangekuwa mazuri sehemu ya kwanza, mekundu kwa moshi sehemu ya tano, na sehemu ya ishirini yanahitaji miwani na mpenzi wake ndiye anayemshikia kitabu, angelalamika?

MkaaDirishani

Asingelalamika. Nakubali, na nafuta nusu ya nilichosema juu. Ile nusu nyingine nabaki nayo.

Maana nimekumbuka Zuhura hajasifiwa kabisa kwenye toleo jipya, na hiyo nayo si kweli kwa Sefu. Sefu ni dereva wa bajaji, anaongea na abiria kutwa. Mtu kama huyo maneno hayawezi kumkauka. Nadhani atamsifia, ila atamsifia kwa abiria. Atambeba mama mmoja kutoka Zakhem, amuone na sare mpya ya mtoto kwenye mfuko, aseme, "Mama, huo mshono ni wa yule fundi wa Mbagala, si ndiyo? Namjua kwa jinsi anavyokunja kola." Na mama atamwambia hapana, nimenunua Kariakoo. Atanyamaza mpaka wafike.

Kalamu_Butu

Usiguse hiyo. Iache hivyohivyo.

Konda_Mstaafu

Mimi nimeanza kuandika upya bosi wangu. Nimekwama: sijui anaogopa nini.

bintiPangani

Muulize dada wa kazi, yeye anajua.

MkaaDirishani

Wakuu, mrejesho. Jana jioni nilimpelekea yule mama kipande cha LUKU. Simu yake kioo kimepasuka, kwa hiyo nilimsomea mwenyewe huku anageuza samaki. Nilipofika kwenye "Najua" alinyamaza. Mteja akaja, akamhudumia, akamrudishia chenji, mteja akaondoka. Nikangoja.

"Huyo Mama Eliza," akasema, "ana roho mbaya. Sasa Zuhura atamrudishia lini kijana wa watu hela yake ya umeme?"

Nikamwambia sijaandika bado.

"Asichelewe. Na asimpe mkononi, atakataa. Akamshonee kitu."

Nimeondoka bila samaki, nimerudi nyumbani nikakaa kwenye meza. Sefu ana shati moja lililochanika begani, nililiandika sehemu ya kwanza na kulisahau. Naenda kulitafuta.